Hodi Harford Road

Katika filamu ya John Waters ya mwaka 2004, A Dirty Shame, kuna tukio la chupa. Sylvia, mama mwenye duka, amefika kwenye nyumba ya wazee. Wazee wanachezeshwa ule mchezo wa kitoto wa tia mguu ndani, toa mguu nje, jigeuze. Sylvia anajitosa katikati. Chupa imesimama sakafuni. Anaishukia taratibu akiwa amepanua magoti, na anapoinuka, chupa inainuka naye. Mikono yake haijaigusa. Wazee wamekodoa macho.

Tukio hilo nililirudia mara tatu, saa mbili asubuhi, nikiwa bado nimevaa sare ya kazi na chai imepoa mezani. Sare yenyewe ni ya nyumba ya wazee. Mchezo ule wa tia mguu ndani nauchezesha mimi, kila Alhamisi, katika mji huohuo, kwa sababu kisa cha filamu hii kinatokea Baltimore, kwenye Harford Road, na mimi nakaa mitaa miwili kutoka barabara hiyo. Nilicheka nikashika mbavu. Kicheko kilipotulia ikanijia sauti ya marehemu bibi yangu mzaa mama, wa Ngamiani, Tanga, akisema kwa utulivu wa fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi: "Kiuno bado kigumu hicho."

Mambo haya sijawahi kuyaandika. Nimelelewa kuyaweka ndani, na bado naamini kuna yanayostahili kukaa ndani. Lakini miaka michache iliyopita nilifanya jambo kazini ambalo sikulielewa siku niliyolifanya, na filamu hii, pamoja na uchafu wake wote, ndiyo iliyonikalisha chini nikalitazama.

Diski nilipewa na mwenzangu wa zamu, mama wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Hamilton, ambaye humwita kila mtu "hon", yaani mpenzi, iwe daktari au mzoa taka, kama walivyo wazawa wa mji huu. Akaniambia barabara yetu imo humo, na akanionya nisiiwashe watoto wakiwa macho. Harford Road ni barabara ndefu inayotoka mjini kwenda kaskazini-mashariki, ikipita Lauraville, Hamilton na Parkville. Ni mtaa wa watu wa kawaida: nyumba zenye vibaraza vya mbao, makanisa, gereji, saluni. Siku hizi Wakenya ni wengi sana upande huu, na sisi Watanzania wachache tumejibanza katikati yao. Ukisimama kwenye foleni ya duka Parkville utasikia Kiswahili mbele yako na Kikuyu nyuma yako, na wengi tunatoka au tunakwenda kwenye kazi moja: kulea wazee wa watu. Nyumbani Tanzania wanatuhesabu miongoni mwa wabeba boksi. Boksi langu mimi lina mifupa na pumzi, na linaniuliza kila usiku kama mvua imeacha.

Kisa cha filamu ni hiki. Sylvia, anayeigizwa na Tracey Ullman, ni mwanamke aliyejinyima. Mumewe Vaughn anamtaka, Sylvia anamkatalia. Binti yao Caprice, anayeigizwa na Selma Blair, ana matiti makubwa kupita ukubwa wowote wa mwanadamu na ni mcheza uchi wa baa. Wazazi wamemfungia kwa kufuli chumba cha juu ya gereji. Siku moja Sylvia anagongwa kichwani, na anapozinduka mwili mzima unawaka. Anayemwokoa ni Ray-Ray, dereva wa gari la kuvuta magari mabovu, anayeigizwa na Johnny Knoxville. Kumbe Ray-Ray ni mtume wa namna yake. Ana wafuasi kumi na mmoja, kila mmoja na uchu wake, na wote walipata wito kwa kugongwa kichwa. Sylvia ni wa kumi na mbili, aliyengojwa aje kugundua tendo la mwili ambalo binadamu hajawahi kulifanya.

Upande wa pili wapo majirani wenye hasira, na mama mzazi wa Sylvia, Big Ethel, yuko mstari wa mbele. Wanajiita kwa neno la Kiingereza linalotumika kwa paka na mbwa waliohasiwa, na wanalitamka kwa fahari. Nitawaita Wahasiwa. Kutoka hapo ni vita ya mtaa mzima. Anayegongwa kichwa anavuka upande wa uchu, akigongwa tena anarudi kwa Wahasiwa. Miti inachukua maumbo ambayo sitayataja. Mume na mke waliohamia kutoka Washington, ambao wanapenda kusema jinsi wanavyofurahia kuishi na watu wa kila aina, wanashindwa kabisa.

Ukiitazama bila kumjua aliyeitengeneza utadhani ni mtoto wa shule anayeandika matusi ukutani. Waters alizaliwa Baltimore mwaka 1946 akalelewa Mkatoliki, na hapa ndipo penye asili ya Ukatoliki wa Marekani: dayosisi ya kwanza ya nchi iliundwa Baltimore mwaka 1789, na katekisimu ya maswali na majibu iliyokaririshwa watoto wa Kikatoliki wa nchi hii kwa vizazi, iliyotoka mwaka 1885, inaitwa kwa jina la mji huu. Ndiyo maana kuna mitume kumi na mbili, ufunuo na miujiza. Waters aliwachukua watu ambao mtaa unawaita wachafu akawapa dini nzima, yenye wito na ushirika, na Wahasiwa akawaachia matangazo na mikutano ya hadhara.

Na kulikuwa na serikali. Jimbo la Maryland liliunda bodi yake ya kukagua filamu mwaka 1916, na bodi hiyo haikufa mpaka 1981, ya mwisho ya jimbo lolote Marekani. Filamu ilitakiwa ipelekwe ikaguliwe kabla ya umma kuiona. Mwenye sinema mmoja wa hapa Baltimore, Ronald Freedman, alionyesha filamu makusudi bila kuipeleka, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1965 mahakama ikakataa utaratibu ule. Bodi ilibadilishiwa sheria, ikaendelea miaka mingine kumi na sita. Waters alikua kikazi chini ya bodi hiyo, na mjumbe wake Mary Avara alimchukia waziwazi. Mwenzangu wa zamu anamkumbuka mama huyo kutoka kwenye televisheni, akilalamika kuhusu maovu ambayo kazi yake ilimlazimu kuyaona kila siku. Bodi ya jimbo ilipokufa, ilibaki mizani ya wenye viwanda vya filamu wenyewe. A Dirty Shame ilipewa alama ya juu kabisa, ile inayomzuia yeyote mwenye miaka 17 au chini hata akiongozana na mzazi. Waters amesimulia kwamba alipouliza akate wapi apunguziwe, aliambiwa wakaguzi walifika mahali wakaacha kuandika. Kwa ajili ya maduka ikatengenezwa nakala iliyokatwa, nayo ikapewa jina hilohilo la kuhasiwa. Filamu haikuvuna hata dola milioni 2 kwenye majumba ya sinema.

Sasa nirudi kwenye lile jambo.

Kazini kwetu alikuwepo mzee niliyekuwa nikimwita moyoni Mzee wa Chuma. Alifanya kazi zaidi ya miaka thelathini kwenye kiwanda cha chuma cha Sparrows Point, kile kikubwa kilichofungwa mwaka 2012, na mikono yake ina makovu madogo ya duara, kila kovu tone la chuma cha moto. Chumba chake namba 14. Chumba namba 9 alikaa mjane mmoja, miaka themanini na tatu, mdogo wa umbo, nywele amezifunga kisogoni tangu alfajiri mpaka usiku. Alikuwa ameanza kusahau. Alisahau siku, alisahau kama amekula, alisahau jina langu kila usiku na kila usiku alilisifu kama jina jipya. Mlango wa chumba namba 14 hakuwahi kuusahau.

Mezani walikaa pamoja. Alimkatia nyama. Sisi wahudumu tulitabasamu, tukasema jinsi walivyo watamu, kama unavyosema kwa watoto wa chekechea walioshikana mikono. Hicho kitabasamu nakitilia shaka sasa.

Usiku mmoja wa Februari, saa nane, nilikuwa nazungukia vyumba. Kazini tuna desturi ya kugonga mlango na kuufungua kwa mpigo mmoja. Vidole na kitasa vinakwenda pamoja. Nikafungua namba 14, nikamulika tochi. Walikuwa wamelala kwenye kitanda kile chembamba, wote wawili, shuka kiunoni. Gauni lake la kulalia lilikuwa limekunjwa juu ya kiti, limekunjwa vizuri, mikono ndani, kama mtu aliyefika ugenini na hataki kuacha fujo. Nywele zake zilikuwa zimefunguliwa. Sikuwahi kujua ni ndefu namna ile. Zilifunika mto na bega la mzee. Mzee aliinua mkono wenye makovu akauweka mbele ya uso wa mwenzake kumkinga na mwanga wangu. Mama hakushtuka. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayejua yuko wapi: "Zima taa, hon."

Nikazima. Nikafunga mlango. Nikaenda kwenye meza ya zamu nikaandika ripoti. Niliandika kwamba mkazi wa chumba namba 9 amekutwa chumba namba 14 saa nane na dakika kumi usiku, na nikaongeza maneno mawili: tabia isiyofaa.

Hakuna aliyenilazimisha kuyaandika. Fomu ilikuwa na nafasi ya kueleza, na mkono wangu ulikuwa na maneno tayari. Kulipokucha kukaitwa kikao. Binti yake mama alikuja, akalia, akasema mama yake si mtu wa namna hiyo. Wakubwa wa kazi waliogopa kushtakiwa, na hofu hiyo naielewa, kwa sababu mtu anayeanza kusahau anaweza kuonewa, na kazi yetu ni kumlinda. Lakini kumlinda kungeanza kwa kumwuliza. Hakuna aliyemwuliza. Walikaa watu sita, wakauzungumzia mwili wa mwanamke wa miaka themanini na tatu kwa saa nzima, mwenyewe yuko chumba cha pili anakula uji. Wiki hiyo akahamishiwa ghorofa ya juu, na pembeni ya kitanda chake likawekwa zulia lenye king'ora, akikanyaga sakafu usiku likalie.

Mzee wa Chuma akaanza kuvaa viatu kila jioni baada ya chakula na kwenda kukaa mbele ya lifti. Hakupiga kelele wala hakumlaumu mtu. Lifti ilipofunguka alinyoosha shingo, ikifunga anaegemea kiti. Mama alimaliza mwezi wa tatu, wa nne hakuumaliza. Moyo wake ulikuwa mbovu siku nyingi na sisemi kilichomwua ni kingine. Nasema tu kwamba nywele zake hakuzifungua tena, hata kuoshwa, akikaribia mtu na kitana alizishika kwa mikono miwili.

Baada ya hapo nilianza kusoma, usiku, kwenye simu, wakati wazee wamelala. Nikakuta kwamba sheria ya nchi hii ya mwaka 1987 kuhusu nyumba za wazee inampa mkazi haki ya faragha. Nikakuta utafiti uliotoka mwaka 2007, wa watu 3,005 wenye miaka 57 hadi 85: katika wale wa miaka 75 hadi 85, zaidi ya robo walikuwa bado wanakutana kimwili na mtu. Nikakuta nyumba ya wazee ya Hebrew Home, Riverdale, huko Bronx, New York, ambayo tangu 1995 ina mwongozo ulioandikwa unaosema mapenzi ya wakazi ni haki yao, na wahudumu wanafundishwa namna ya kuyalinda. Na nikasoma habari ya Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, aliyestaafu ili amuuguze mumewe mwenye maradhi ya kusahau. Mwaka 2007 mtoto wao alieleza hadharani kwamba baba yake, huko alikolazwa, amempenda mkazi mwenzake, na mama yake alifurahi kumwona ametulia. Nilisoma hiyo nikaweka simu mfukoni. Mke halisi aliweza kutazama kwa huruma. Mimi mpita njia mwenye tochi niliandika "isiyofaa".

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba mimi sikutoka kwa watu wanaouogopa mwili. Bibi yangu alikuwa somo, yaani mwanamke anayewafunda mabinti unyagoni. Mabinti wa Ngamiani, kuanzia barabara za mwanzo mpaka za mwisho, waliletwa kwake. Nilipofika umri wangu nilifundwa na somo mwingine, rafiki yake, kwa sababu bibi hamfundi mjukuu wake. Yaliyomo siyaandiki, niliapa na kiapo kipo. Lakini naweza kueleza mlango. Madirisha yalizibwa kwa kanga. Mlango ulikuwa na mwanamke amekaa nyuma yake, kazi yake kuulinda tu. Anayebisha alisema hodi akajibiwa kwa swali ambalo asiyefundwa halijui. Ndani, msondo ulipigwa, na waliokuwa wakicheza katikati hawakuwa vijana. Walikuwa wazee wenye miaka sitini, sabini, waliofiwa na waume, wenye magoti ya kuuma, na walivua utu uzima wao kama unavyovua viatu mlangoni. Kinu kilikuwapo na mchi ulikuwapo na kila mtu alijua si cha kutwangia. Vicheko viliangusha watu. Mwanamke aliyenilea, aliyekuwa hawezi kutamka neno "matiti" mbele ya baba yangu, nilimwona usiku ule akifanya na kiuno chake mambo ambayo Sylvia wa Harford Road angehitaji mwaka mzima kujifunza.

Fatma binti Baraka, Bi Kidude wetu wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alifunda na kupiga ngoma ya unyago akiwa mkongwe kabisa, na hakuna aliyesema uzee umemharamishia. Mkongwe ndiye mwenye elimu.

Siipambi unyago. Nusu ya niliyofundishwa ilikuwa kumtumikia mume na kuvumilia, na wengine wanaingizwa humo wakiwa bado watoto. Hayo yanasemwa na yaendelee kusemwa. Ninachokishikilia ni mambo mawili: kicheko na mlango. Bibi alizoea kusema haya unaiona mwenyewe, aibu unatiwa na watu. Mlango wa unyago ulikuwa wa haya. Ndani yake hapakuwa na aibu hata chembe.

Hapo ndipo ninapogombana na Waters, ingawa nampenda. Kwanza, kwake yeye hamu inaingia kwa jeraha. Mtu lazima avunjwe kichwa ndipo mwili ufunguke, na ukimgonga tena unafungika, kama swichi. Nacheka ninapoitazama, lakini siiamini. Katika watu niliowalea kwa miaka kumi na moja sijaona hamu iliyokuja kwa kugongwa. Nimeona hamu iliyokuwepo muda wote, imekunjwa vizuri juu ya kiti. Nusu ya pili ya filamu inachoka kwa sababu hiyohiyo. Ukishajua kila kichwa kitagongwa, unabaki kuhesabu vichwa.

Pili, wazee. Lile tukio la chupa nililolipenda linawaweka wazee pale ili washtuke. Wao ni macho tu. Kamera haimwulizi hata mmoja wao yeye alikuwa hodari wa nini ujanani, au jana. Ngamiani wale vikongwe wangemzunguka Sylvia, mmoja angemshika nyonga amwonyeshe pa kulegeza, na mwingine angemdai chupa ajaribu yeye. Waters aliyeona utakatifu kwa dereva wa gari la kuvuta magari alipita mbele ya wazee bila kuwaona, na wengi wetu tunapita hivyo kila siku, hata tunaolipwa kuwatazama.

Lakini kuna kitu amekipata sawasawa, na sijui kama mtu asiyefanya kazi yangu angekitambua haraka. Wahasiwa na wenye uchu katika filamu ile wana tabia moja. Hakuna anayebisha hodi. Wenye uchu wanamwaga mambo yao barabarani juu ya mtu aliyetoka kununua maziwa. Wahasiwa wanataka kuingia katika kila chumba cha kulala cha mtaa wakague. Na juu ya gereji yuko Caprice, kufuli limefungwa kwa nje. Mlango unaofungwa kwa nje ni jela. Unaofungwa kwa ndani ndio chumba. Caprice amenyimwa huo wa pili, na mama wa chumba namba 9 alinyimwa pia, nikiwa mimi nimeshika kitasa.

Pwani tunafundishwa tangu wadogo: hodi mara tatu, usipojibiwa, geuka urudi. Nilibisha hodi kwenye nyumba za watu maisha yangu yote. Nilipovaa sare nikaacha, na hakuna aliyenikumbusha, kwa sababu sare inafungua mlango wowote.

Wiki moja baada ya kuitazama ile diski nilikwenda kwa msimamizi wangu. Sikumtajia filamu. Nilimwambia nataka wakazi wanaopenda wawe na alama ya kutundika mlangoni, na ikitundikwa, mhudumu anagonga, anasema jina lake, anangoja ajibiwe. Kwa sababu ya usalama, asipojibiwa baada ya mara tatu anaingia. Hapo sheria yao na desturi yetu zinaachana, nami nimekubali, kwa maana mzee anaweza kuwa ameanguka. Vilichukua vikao viwili. Wakakubali ijaribiwe kwenye ghorofa yetu peke yake. Niliomba pia kwamba likitokea jambo kama lile la Februari, wa kwanza kuulizwa awe mkazi mwenyewe. Hilo waliandika, ila sijaliona likitendeka bado.

Kwa alama nilichukua kanga kuukuu ya bibi, ile yenye jina SIRI YA MTUNGI AIJUAYE KATA, nikaikata upande wa maandishi vipande vitatu, nikapinda kingo kwa sindano ya mkono. Mkasi ulipogusa kitambaa niliona vibaya. Nikajiambia mwenye kanga angenipokonya mkasi akate mwenyewe, kwa mstari ulionyooka zaidi.

SIRI YA ilichukuliwa na wajane wawili wa chumba namba 3 na namba 6, ambao wanaibadilishana kutegemea ni kwa nani. AIJUAYE KATA yuko nayo mama mmoja mwenye kiti cha magurudumu ambaye anapenda kusali bila kuingiliwa. Mzee wa Chuma hakuulizwa na mtu, maana tulidhani hana cha kutundikia. Alinifuata mwenyewe mezani kwa zamu, kwa mwendo wake wa kuburuta, akasema anataka cha kwake. Nikampa MTUNGI. Akaniuliza neno lile maana yake nini. Nikamweleza: chombo cha udongo cha kuwekea maji, kinakaa pembeni ya nyumba, na kinayaweka maji yakiwa baridi hata jua likiwa kali. Akapitisha kidole chenye makovu juu ya herufi, moja moja.

Viatu hajaviacha. Bado anavivaa baada ya chakula, bado anakaa kidogo mbele ya lifti. Saa tatu usiku anarudi chumbani, anakitundika kitambaa kwenye kitasa, anafunga mlango kwa ndani. Hana mgeni. Anachofanya mle ndani sikijui. Nikifika namba 14 nazima tochi, nasema hodi, na nasimama pale kwenye zulia la korido mpaka anijibu. Nilimfundisha neno la kujibu. Wakati mwingine anasema "karibu". Jana alisema bado, nikangoja.